Roli moja, mpangilio mmoja: kusafisha na kuskani filamu ya rangi nyumbani

Roli ya kwanza ya rangi niliyosafisha kwa mkono wangu ilitoka na nyuso za kijani na mawingu ya urujuani. Nikailaumu skana. Nikailaumu programu. Mwishowe nikailaumu hata filamu yenyewe, masikini, ambayo haikuwa na kosa lolote. Ilipofika roli ya tatu ndipo nilipotumbukiza kipimajoto ndani ya tangi badala ya kwenye beseni, nikakuta dawa niliyodhani ina nyuzi 38 imeshuka hadi 34. Usiku mzima kompyuta ilikuwa ikihangaika na kosa lililokwisha kutendeka kwenye maji.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye kamera, unapita kwenye tangi, ndipo unafika kwenye skana na kompyuta. Nina msimamo mmoja ambao nitaurudia: picha zote za roli moja zigeuzwe, yaani zitolewe kwenye negativu (filamu yenye rangi zilizo kinyume) ziwe picha za kawaida, kwa mpangilio mmoja. Programu nyingi huitazama kila fremu peke yake na kuilazimisha iwe "sawa". Matokeo yake picha mbili zilizopigwa kwa kufuatana zinatofautiana rangi, na machweo yanaondolewa wekundu wake kana kwamba ni uchafu.

Kwenye kamera

Negativu ya rangi huvumilia mwanga mwingi kuliko mwanga mchache. Ukiizidishia stopu moja au mbili (kila stopu ni mwanga mara mbili), mawingu bado yatakuwa na umbo lake. Ukiipunja stopu mbili, kwenye vivuli hakutakuwa na kitu ila chembechembe na ukungu wenye rangi usiyoijua, na hakuna programu inayoweza kuokota rangi ambayo filamu haikuipokea. Filamu ya ISO 400 (ISO ni wepesi wa filamu kupokea mwanga) mimi huipima kana kwamba ni 200, na kipimo nakichukua kwenye kivuli, si kwenye anga. Kati ya filamu za Kodak, Portra 400 hunyamazia makosa mengi. Ektar 100 huyatangaza, kwa hiyo kwayo pima kwa makini zaidi.

Filamu nyingi za rangi zimetengenezwa kwa mwanga wa mchana, takribani kelvini 5,500. Chini ya balbu za manjano, tabaka la filamu linalopokea buluu linakaribia kufa njaa. Huko ongeza stopu moja nyingine juu ya ile uliyokwisha kuongeza, la sivyo vivuli vitakuja na rangi ya matope.

Jambo la mwisho kabla ya kuiacha kamera: fremu ya kwanza ya roli ipige kadi ya kijivu, katika mwanga uleule utakaopigia picha nyingi. Huna kadi? Kitu chochote cha kijivu kisicho na rangi nyingine kinatosha kwa kuanzia. Fremu hiyo moja itakuokolea saa mbili mbele ya kioo cha kompyuta.

Kwenye tangi

Karibu filamu zote za negativu za rangi husafishwa kwa mchakato uitwao C-41, ulioletwa na Kodak mwaka 1972. Hakikisha jina hilo limeandikwa kwenye kopo la filamu. Filamu za sinema zenye utando mweusi mgongoni zina mchakato wao, na utando ule ukiachiliwa ndani ya dawa za C-41 utaichafua filamu na dawa pia.

Ndani ya filamu mna matabaka matatu: la juu hupokea buluu na kutengeneza rangi ya manjano, la kati hupokea kijani na kutengeneza majenta (waridi iliyokolea), la chini hupokea nyekundu na kutengeneza sayani (buluu ya kijani). Divelopa, yaani dawa ya kwanza, lazima ipenye hadi chini kabisa. Wahandisi walipanga matabaka yote matatu yamalize kazi pamoja kwa dakika 3 na sekunde 15 katika nyuzi 37.8 za Selsiasi. Joto likishuka, matabaka hayachelewi kwa kiasi kimoja. Hapo ndipo panapozaliwa tatizo baya kuliko yote: vivuli vinavutwa upande mmoja wa rangi na sehemu angavu upande mwingine. Picha iliyokolea manjano kote unaweza kuirekebisha kwa kusogeza kitufe kimoja. Iliyopinda namna hii itakutoa jasho.

Kwa hiyo nguvu zako zote zielekeze kwenye joto la divelopa. Viwandani huruhusu ipotoke si zaidi ya nyuzi 0.15. Nyumbani hutafika huko, na hakuna haja ya kulia. Ukiweza kukaa ndani ya nusu nyuzi, na kila roli ikawa sawa na iliyotangulia, uko pazuri. Mimi hutumia kile kifaa cha umeme cha jikoni kinachopasha maji na kuyazungusha kwa joto lililopangwa. Chupa za dawa zinasimama ndani ya beseni kwa muda wa kutosha, nusu saa hadi saa moja, na tangi linakaa humo pia. Chombo kilichokwisha kushika dawa hizi kisirudi jikoni. Vaa glavu na ufungue dirisha.

Kuingiza filamu kwenye rili, yaani kigurudumu kinachoishika ndani ya tangi, kunafanyika gizani kabisa, au ndani ya mfuko wa giza. Filamu hii inaona rangi zote, hivyo hakuna taa ya usalama. Baada ya hapo:

1. Jaza tangi maji yenye joto la nyuzi 38, likae dakika moja, umwage. Maji yakitoka na rangi ya kijani au buluu usishtuke. Ni rangi ya filamu tu. Lengo la hatua hii ni kupasha tangi na rili, maana plastiki baridi ndiyo iliyoniibia nyuzi nne siku ile.

2. Mimina divelopa na uanze kuhesabu. Pindua tangi mfululizo kwa sekunde 10 za mwanzo, kisha mapinduo manne kila nusu dakika, au kama karatasi ya dawa zako inavyosema. Kati ya mapinduo, tangi lirudi kwenye beseni. Anza kumwaga sekunde 10 kabla ya muda kwisha. Usitikise kama mtu anayechanganya juisi: dawa ikipita kwa kasi kwenye matundu ya pembeni huacha michirizi.

3. Suuza upesi kwa maji ya joto, au kwa maji yenye asidi ya asetiki kidogo. Hatua hii wengi huiruka kwa sababu haimo kwenye maelezo ya dawa zao. Mimi siiruki. Inasimamisha divelopa papo hapo na kuzuia madoa.

4. Blichi, kisha fiksa: dawa mbili zinazoondoa madini ya fedha kwenye filamu na kuacha rangi tu. Au bliksi, ambayo ni zote mbili katika chupa moja. Blichi na fiksa zilizotengana kwa kawaida huchukua dakika 6 na nusu kila moja. Hapa joto si kali kama mwanzo, na ukizidisha dakika mbili hutaharibu kitu. Ukipunguza, utaharibu. Bliksi hutoa hewa, kwa hiyo fungua kifuniko kidogo baada ya mapinduo ya kwanza kabla dawa haijakurukia usoni.

5. Osha kwa maji ya joto dakika 3 au zaidi.

6. Dawa ya mwisho, ile ya kuimarisha, ichanganye kwa maji yaliyotoneshwa. Filamu ikae humo dakika moja na nusu, na usiisuuze tena. Toa filamu kwenye rili kwanza, kwani dawa hii ikikaukia kwenye rili ya plastiki huifanya ing'ang'anie filamu siku nyingine.

Tundika bafuni, mahali ambapo mvuke umekwisha kutuliza vumbi. Usipite na vidole.

Onyo moja juu ya chupa: matone machache ya bliksi yakiingia kwenye divelopa, divelopa imekufa. Kila chupa iwe na kifuniko chake na faneli yake. Kama unashuku divelopa imechoka, kata kipande cha mwanzo cha filamu, ule ulimi uliokwisha kuona mwanga, kitumbukize humo kwa joto na muda wa kawaida. Kikitoka cheusi kizito, dawa ingali hai. Kikitoka kahawia, imwage, usiidanganye nafsi yako.

Soma negativu kabla ya kuiskani

Inua filamu kavu mbele ya dirisha au karatasi nyeupe yenye mwanga. Tazama kwanza namba na maandishi ya kiwanda pembeni. Hayo yalichapwa kwa mwanga kiwandani, hivyo hayategemei kamera yako hata kidogo. Maandishi yakiwa mazito na wazi huku fremu ni nyepesi, ulipiga kwa mwanga mchache. Maandishi nayo yakiwa hafifu, kosa ni la tangi: dawa imechoka, joto limeshuka au muda umepungua.

Filamu yenye ukungu wa maziwa haijakaa vya kutosha kwenye fiksa. Irudishe kwenye fiksa. Iliyo nzito, yenye rangi zilizofifia kama zimemwagiwa majivu, ina madini ya fedha yaliyobaki ndani yake. Irudishe kwenye blichi na fiksa, hata kama ni wiki moja baadaye, tena mchana kweupe. Nimeona watu wakitumia siku nzima kuongeza ukolezi wa rangi kwenye kompyuta kwa filamu iliyohitaji dakika 10 tu za blichi mpya.

Kuskani: usiiruhusu mashine ifikiri

Lengo hapa ni faili isiyopendeza. Unataka nakala aminifu ya negativu, ya rangi ya chungwa vilevile, bila urekebishaji wowote.

Kwa skana ya bapa, iambie inaskani filamu chanya, wala si negativu. Zima rangi za otomatiki, zima kunoa, chagua biti 48 (yaani 16 kwa kila chaneli: nyekundu, kijani na buluu) na uhifadhi kama TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora. Kuondoa vumbi kwa miale ya infraredi kunafanya kazi vizuri kwenye filamu za C-41, kwa sababu rangi zake hupitisha miale hiyo na vumbi halipitishi. Programu za kuskani za SilverFast na VueScan zote zina mahali pa kupanga haya.

Kwa kamera ya dijitali, unahitaji lenzi ya makro, stendi imara na taa nyeupe yenye kiwango cha uaminifu wa rangi, kile kiitwacho CRI, cha 95 kwenda juu. Hapa usibane matumizi. Taa yenye mapengo katika rangi zake itatoboa mapengo yaleyale kwenye picha, na hutaweza kuyaziba. Kioo cha simu kama taa ni cha dharura tu. Ukikitumia, inua filamu sentimita kadhaa juu yake ili nukta zake zisionekane. Funika kila sehemu ya taa isiyo chini ya filamu, uzime taa ya chumba. Piga RAW (faili ghafi ya kamera), ISO ya chini kabisa, tundu la lenzi f/8, umakini ukiwa kwenye chembe za filamu.

Sasa, sharti la roli moja linaanza kufanya kazi. Elekeza kamera kwenye nafasi tupu kati ya fremu mbili, ile ya chungwa isiyo na picha. Hiyo ndiyo sehemu angavu kuliko zote kwenye negativu. Ongeza muda wa shata hadi histogramu, yaani grafu ya mwangaza, ikaribie ukingo wa kulia bila kuugusa. Angalia zaidi chaneli nyekundu, maana ndiyo inayofurika kwanza. Funga muda huo, funga na mizani ya weupe, yaani namna kamera inavyoamua kipi ni cheupe. Piga picha ya nafasi hiyo tupu, kisha fremu zote, bila kugusa chochote.

Kugeuza

Mtu wa kwanza kuiona ile rangi ya chungwa hudhani ni kama karatasi ya rangi iliyobandikwa juu ya picha. Ukweli ni wa kupendeza zaidi. Rangi ya majenta na ya sayani zinazotengenezwa ndani ya filamu si safi. Kila moja humeza kidogo mwanga isiopaswa kuumeza. Kiwanda kikaweka ndani ya matabaka hayo kemikali zenye rangi tangu mwanzo, ambazo hupungua pale picha inapojitengeneza. Uchafu unaoongezeka na rangi inayopungua vinafidiana, jumla inabaki ileile filamu nzima. Kwa sababu hiyo nafasi tupu inakupa kipimo cha chungwa kwa roli yote, na huhitaji kukikisia fremu kwa fremu.

Mwanga hupita kwenye filamu kwa kuzidishwa, haupunguzwi kwa kutolewa. Kwa hiyo chungwa huondolewa kwa kugawanya kila chaneli kwa thamani yake ya nafasi tupu. Kwa faili ya RAW hilo ni jepesi: chukua kidondosho cha mizani ya weupe, bonyeza kwenye nafasi tupu, ikae kijivu. Kwa TIFF, tumia viwango vya kila chaneli, uvute ncha ya kulia hadi ikutane na thamani ya nafasi tupu. Kisha:

Kata pembe za fremu na kishikio cha filamu, kwani weusi na weupe wake utadanganya vipimo. Geuza picha. Itaonekana hafifu na ya kijivu. Hiyo ni sawa, negativu ilitengenezwa iwe laini ili karatasi ya picha iongeze ukali.

Fungua fremu ya kadi ya kijivu. Ile nafasi tupu sasa ni giza. Iweke kila chaneli iwe nyeusi tu, isizame zaidi. Upande wa pili, tafuta kwenye roli kitu cheupe angavu, ukipange karibu na juu katika chaneli zote tatu. Halafu, na kwa mpangilio huu tu, sogeza kitufe cha katikati cha kila chaneli mpaka kadi isome namba tatu zinazolingana. Wengi huanza na katikati, kisha wakigusa ncha kila kitu kinahama, wanarudi mwanzo.

Kama hupendi kufanya haya kwa mkono, darktable ina moduli ya negadoctor, na RawTherapee ina zana ya negativu. Zote ni za bure. Negative Lab Pro hufanya kazi ndani ya Lightroom. Zinatambua kwamba filamu huhesabu mwanga kwa logarithimu, jambo ambalo amri ya kawaida ya kugeuza rangi hailijui. Lakini hata humo, pima nafasi tupu mwenyewe, panga kwa kadi ya kijivu, kisha nakili mpangilio kwenye fremu zote za roli.

Baada ya kunakili, tembeza macho kwenye roli nzima ikiwa midogo midogo kwenye kioo. Fremu nyingi zitakuwa karibu tayari. Kwa kila moja ruhusu jambo moja tu: mwangaza. Rangi iguse pale tu aina ya mwanga ilipobadilika kweli, mfano ulipotoka juani ukaingia chini ya balbu.

Zikikataa

Kumbuka jozi tatu: nyekundu na sayani, kijani na majenta, buluu na manjano. Kila ugonjwa dawa yake ni mwenzake. Ukiona vivuli vya kijani na mawingu ya majenta katika picha moja, usiguse mizani ya weupe. Fungua kurva (mstari wa kupandisha na kushusha mwangaza) ya chaneli ya kijani, ishushe kidogo upande wa giza, ipandishe kidogo upande wa mwanga. Anza na giza, malizia na mwanga, na usiguse katikati mpaka ncha zote mbili zitulie. Kama roli nzima imepinda hivyo, kurva hiyo nayo inakiliwe kwa roli nzima, na safari ijayo angalia kipimajoto.

Kwa nyuso, weusi kwa weupe, namba zina tabia moja katika mwanga wa kawaida: nyekundu iko juu, kijani inafuata, buluu iko chini. Kijani ikiikaribia mno nyekundu, mtu anaonekana mgonjwa. Buluu ikiipita kijani, uso unageuka wa waridi wa mwanasesere.

Wala usifukuze kila doa la rangi. Kivuli chini ya anga wazi ni cha buluu kweli, kwa sababu anga ndiyo inayokimulika. Ukikifanya kijivu, uso uliosimama juani kando yake utakuwa wa chungwa, nawe utaanza kukimbizana na mkia wako. Nikiona nimefika kwenye marekebisho ya tano ya fremu moja, nazima kioo nikanywe maji. Jicho huzoea kosa baada ya dakika chache na kuliona ni haki. Nikirudi, natazama kwanza kitu ninachojua ni kijivu.

Hifadhi faili ya negativu ambayo haijaguswa, na nakala iliyogeuzwa ya TIFF ya biti 16. Za kutuma mtandaoni ziwe JPEG za sRGB. Kwenye bahasha ya kila roli mimi huandika kwa penseli: filamu gani, niliipima kwa ISO ngapi, roli ya ngapi katika dawa hiyo, joto ndani ya tangi mwanzoni na mwishoni, na namba tatu za nafasi tupu. Namba hizo zikianza kuhama kutoka roli hadi roli ya filamu ileile, nilizoziskani kwa taa ileile na muda uleule wa shata, nachanganya dawa mpya.